UZI: Jinsia ya nomino kwenye Kifaransa na Kiingereza, kwa mtu aliyezoea ngeli

Makole_Mtaani

Wakuu, salaam kutoka makao makuu ya nchi.

Hoja hii naileta kwa wanaofundisha na wanaotafsiri. Mtoto wa kidato cha pili anasema "kitabu kikubwa kimepotea" bila kufikiri; hata umwamshe usiku hasemi "kitabu mkubwa imepotea". Huyohuyo ukimpa "livre" (kitabu kwa Kifaransa) anabahatisha: leo "le", kesho "la". Kwenye Kiingereza nako anaandika "my mother, he is sick". Je, kuna kanuni, au ni kukariri kamusi kuanzia herufi A? Na hicho Kiingereza, kiliwahi kuwa na jinsia za namna hiyo kikazitupa, au hakijawahi kuwa nazo?

La mwisho: kuna watu wa mvinyo, alizeti na karanga hapa wanaolenga soko la Burundi na Kongo. Lebo za Kifaransa zinachapwa na makosa ya jinsia. Wajuzi semeni ni wapi hasa pa kukagua kabla kazi haijaenda kwa mchapaji.

Siasa tuziache kwenye nyuzi nyingine.

Ngeli_18

Mkuu, mtoto akishaambiwa "hili neno ni la kiume, lile la kike" anaanza kutafuta uanaume wa kitabu. Haupo. Mwambie hivi: Kifaransa kina ngeli mbili tu, na kila neno linaloambatana na nomino lazima lipatane nayo. Upatanisho anaujua tayari kuliko Mwingereza yeyote.

Linganisha:

"Viti hivi vyeupe vimevunjika."
"Ces chaises blanches sont cassées."

Kwetu "vi" imejirudia kila mahali. Kwao "blanches" na "cassées" zimebeba alama ya kike na ya wingi kwa sababu "chaise" ni ya kike. Ungesema "fauteuils" (viti vya kuegemea, vya kiume) ungepata "Ces fauteuils blancs sont cassés". Kazi ni ileile.

Tofauti ni mahali pa kutazama. Kiswahili kinatazama kichwa cha neno, Kifaransa mkia wake, Kiingereza hakitazami neno bali kinamtazama anayetajwa. Ukilishika hilo, makosa mengi yanaeleweka yanatoka wapi.

Kisha kuna swali la nani mwenye nguvu, umbo au maana. Kwetu uhai unashinda umbo: "kiongozi mwema amefika", "kifaru mkubwa amelala", ingawa yote yana "ki". Kwa Kifaransa mara nyingi umbo ndilo linashinda. "Victime" (mhanga), "personne" (mtu), "sentinelle" (mlinzi), "recrue" (askari mpya), "vedette" (nyota, mtu maarufu) ni za kike hata ukimtaja mwanamume mwenye ndevu. Mzee wa miaka 70 akifa ajalini, gazeti litaandika "la victime est morte", kivumishi kikiwa cha kike, na hakuna atakayecheka. Mwanafunzi wetu hapa anakosea kwa akili kabisa: anaona mwanamume, anaandika "mort", kwa kuwa lugha yake imemfundisha kuutanguliza uhai.

Mbuyu_Mkavu

Mbona mnazunguka. Neno likiishia na "e" ni la kike, lisipoishia na "e" ni la kiume. Kwisha.

Ngeli_18

Mbuyu, kwa kanuni hiyo unaangukia pua asubuhi tu. Za kiume zenye "e": livre, verre, arbre, sucre, beurre, sable, fleuve, peuple, monde, légume, problème, lycée, musée. Za kike zisizo na "e": main, dent, nuit, mer, faim, soif, fin, clef, voix, loi, paix, forêt, fourmi, souris, maison. Na haya si maneno ya pembezoni, ni ya wiki ya kwanza darasani.

Herufi moja haitoshi. Angalia silabi nzima ya mwisho. Mikia ambayo unaweza kuitegemea ni hii.

Ya kike: -tion na -sion (karibu zote, toa "bastion" na "cation" ya kemia). -aison (saison, raison, conjugaison). -té kwa mambo ya dhahania (santé, liberté, qualité), ila "été", "côté", "comité", "traité", "pâté" ni za kiume. -ette, toa "squelette". -ance na -ence, toa "silence". -ure, toa maneno kama "mercure" na "murmure".

Ya kiume: -isme bila shaka yoyote. -ment, toa "jument", ambaye ni farasi jike. -eau (bureau, couteau, chapeau), toa "eau" na "peau". -oir. -age, na hapa pana mtego: "page", "plage", "cage", "image", "nage", "rage" ni za kike. Hizo sita ndizo za kawaida, wazikariri kwa mpigo mmoja.

-eur ndiyo yenye vituko. Ikiwa ni mtu au mashine ni ya kiume: chauffeur, moteur, ordinateur. Ikiwa ni hali au sifa ni ya kike: chaleur, couleur, peur, douleur, largeur. Kilatini kilikuwa na "color" ya kiume, Kifaransa kikaigeuza. Waliobaki upande wa kiume ni bonheur, malheur, honneur, labeur.

Zabibu_ya_Hombolo

Naongezea makundi ya maana, kwa sababu nayo yanaokoa. Siku, miezi, majira, lugha na metali ni za kiume: le lundi, le printemps, le swahili, le fer. Miti nayo karibu yote: le manguier, le baobab, l'oranger. Matunda mengi ni ya kike (la mangue, la banane, la papaye), lakini le citron, l'ananas, l'avocat na le raisin ni ya kiume. Shamba la kwetu kwa hiyo linachanganya: "la vigne" ndio mzabibu, wa kike; "le raisin" zabibu, ya kiume; "la grappe" kishada, cha kike; "le vin" mvinyo, wa kiume. Mwalimu akitaka zoezi la dakika tano, analo hapo.

Msamiati_Daftarini

Orodha za mikia ni nzuri, ila naona wengi wanaharibu mapema zaidi, kwenye daftari la msamiati. Mwanafunzi anaandika "l'école = shule", "l'arbre = mti". Hajaandika kitu. Hiyo "l'" imeficha jinsia. "Les" na "des" nazo zinaificha.

Kwa hiyo:

Kwanza, kila nomino iandikwe na "un" au "une", kamwe isiwe na "l'". "Une école", "un arbre", "une huile", "un œuf", "un oignon", "une arachide".

Pili, iongezewe kivumishi kimoja kinachokuja nyuma ya nomino na ambacho sauti yake inabadilika: vert/verte, blanc/blanche, sec/sèche, frais/fraîche. "Un arbre vert", "une école verte". Wengi wanakosea kwa kuchukua kinachotangulia. Sikiliza "un bel arbre" na "une belle école": bel na belle zinatamkwa sawa. Ndivyo ilivyo kwa "nouvel/nouvelle", "vieil/vieille", "cet/cette". Na "mon" inatumika hata kwa ya kike ikianza na irabu: "mon école", "mon amie", "mon huile". Sikio halipati msaada wowote hapo.

Ndiyo maana Wafaransa wenyewe hujikwaa kwenye maneno yanayoanza na irabu au "h" isiyosikika. "Hémisphère" ni ya kiume lakini "atmosphère" ya kike. "Astérisque", "éloge" na "tentacule" ni za kiume. "Anagramme", "orbite" na "autoroute" za kike. Utamsikia Mfaransa msomi akisema "un espèce de…" wakati "espèce" ni ya kike siku zote. Mwanafunzi wa Nzuguni akikosea "orbite" asichapwe.

Tatu, asome kwa sauti. "Un" ni sauti ya puani bila "n" ya kufunga, "une" inafungwa na "n" kabisa. Anayezitamka zote "an" hatashika jinsia hata aandike daftari kumi.

Nne, jozi zenye maana mbili ziwe ukurasa wake: le livre (kitabu) na la livre (ratili, au pauni), le tour (mzunguko) na la tour (mnara), le poste (kituo, cheo) na la poste (posta), le manche (mpini) na la manche (mkono wa shati), le poêle (jiko la kupasha nyumba joto) na la poêle (kikaangio), le mémoire (andiko la utafiti) na la mémoire (kumbukumbu).

Ram_na_Ewe

Nije kwenye Kiingereza. Jibu fupi: kilikuwa nazo, tena tatu, kama Kijerumani cha leo. Katika Kiingereza cha Kale "stān" (jiwe) ilikuwa ya kiume, "bōc" (kitabu) ya kike, "hūs" (nyumba) si ya kiume wala ya kike. "Mōna" (mwezi) wa kiume na "sunne" (jua) la kike, kinyume kabisa na Kifaransa chenye "le soleil" na "la lune". Na "wīf", mwanamke, haikuwa ya kike! Ilikuwa ya jinsia ya tatu. "Wīfmann", iliyozaa "woman" ya leo, ilikuwa ya kiume kwa sababu ya "mann" iliyo mwishoni. Umbo lilishinda maana, kama "la victime" ya Ngeli_18.

Mbuyu_Mkavu

Hiyo si ilikufa baada ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066? Kifaransa kikaja na jinsia zake, zikagongana, zikafa zote.

Ram_na_Ewe

Tarehe zinakukataa mkuu. Maelezo ya Kiingereza yaliyoandikwa kati ya mistari ya Injili za Lindisfarne (hati ya Kilatini), kaskazini mwa Uingereza, ni ya karne ya 10, na tayari jinsia zimechanganyikana humo. Mnormani hajafika bado. Kuvurugika kulianzia kaskazini, ambako watu wa Skandinavia walikuwa wamehamia. Kusini, hasa Kent, masalia yalidumu hadi karne ya 14.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mkazo ulikaa mwanzoni mwa neno, irabu za mwisho zikafifia zikawa sauti moja hafifu, viambishi vilivyobeba jinsia vikafanana. Vibainishi vitatu, "se" ya kiume, "sēo" ya kike na "þæt" ya jinsia ya tatu, vikamezwa na "the" moja. Alama zikiisha, mtoto anayejifunza lugha hana pa kuiona jinsia, basi haishiki. Nasi tungefuta viambishi vyote vya mwanzo, "ki", "vi", "m", "mi", tuone ngeli zingeishi vizazi vingapi.

Kilichobaki kwenye Kiingereza ni viwakilishi tu: he/she/it, his/her/its, himself/herself/itself, pamoja na who/which. Kivumishi hakipatani na chochote. Ndiyo maana kosa la mtoto wetu linakuwa "my mother, he": Kiswahili kina "yeye" na "a-" kwa wote, hajawahi kulazimika kuchagua. Zoezi linalosaidia si kukariri "bull/cow, ram/ewe, cock/hen". Mpe aya ya Kiswahili yenye watu wawili, Asha na Juma, imejaa "alimwambia, akamjibu, akachukua mkoba wake", aitafsiri. Atalazimika kuamua kwa kila kitenzi ni nani. Aya tano za namna hiyo kwa wiki zinafaa kuliko jedwali zima la wanyama.

Kuhusu majedwali: vitabu vya zamani bado vinataka "poetess", "authoress", "manageress". Kwenye matumizi ya sasa yamekwisha. Andika "poet", "author", "manager". Zinazoishi ni waitress, princess, hostess, heiress, goddess, lioness. "Actress" ipo, ila waigizaji wengi wa kike hujiita "actor". Meli kuitwa "she" nako kunapungua. Gazeti la mambo ya meli Lloyd's List lilihamia "it" mwaka 2002. Na pale jinsia ya mtu haijulikani, "they" ya umoja imekuwepo tangu karne ya 14, si uvumbuzi wa juzi. Kwenye mtihani jibu kile swali linachotaka, kwenye barua ya kazi andika "chairperson".

Makole_Mtaani

Hapo kwenye "mkoba wake" umenigusa. "His" na "her" ni sawa na "son" na "sa"?

Ngeli_18

La hasha, na hapo ndipo anayekifikia Kifaransa kupitia Kiingereza anapotea njia. Kiingereza kinamfuata mwenye mali. Kifaransa kinaifuata mali, kama Kiswahili.

Asha na baba yake: "Asha and her father", lakini "Asha et son père". Juma na dada yake: "Juma and his sister", lakini "Juma et sa sœur". "Son" haisemi chochote kuhusu Asha, kama vile "vyake" kwenye "vitabu vyake" isivyosema mwenye vitabu ni mume au mke. Mwalimu anayefundisha "son maana yake his, sa maana yake her" anapanda kosa litakalochukua miaka kung'oka. Mtoto atoke Kiswahili moja kwa moja hadi Kifaransa, Kiingereza akiache kando kwa saa moja.

Kondoa_Irangi

Tunazungumza kana kwamba nomino za kiume na za kike ni mambo ya Ulaya. Ziko jirani. Kigogo na Kirangi ni vya Kibantu, vina ngeli kama Kiswahili. Lakini vuka uingie kwa Waalagwa na Waburunge, Kondoa na Chemba: lugha zao ni za Kikushi, ndugu wa Kiiraqw, na nomino zake zina jinsia. Kiiraqw kina tatu, na nomino ikienda wingi inaweza kuhama jinsia. Kisandawe cha Chemba, ambacho si Kibantu wala Kikushi, nacho kinatofautisha kiume na kike.

Wamasai na Wabaraguyu walioko Kongwa na Mpwapwa wanaweka jinsia mwanzoni mwa neno: "olkiteng" ni ng'ombe dume, "enkiteng" ni jike. Na inatumika kwa ukubwa pia: "olalem" ni upanga, "enkalem" ni kisu. Darasa la Kifaransa lenye watoto kutoka huko lina walimu wasaidizi waliokaa kimya dawatini.

Hiyo ya kuhama jinsia kwenye wingi hata Kifaransa kinayo, kwa maneno matatu: amour, délice, orgue. Umoja ni wa kiume, wingi, hasa katika uandishi wa kifasihi, wa kike.

Msamiati_Daftarini

Usisahau "gens". Kivumishi kinachotangulia kinakuwa cha kike, kinachofuata cha kiume: "les vieilles gens sont heureux". Watu wanashangaa, ila nasi tunasema "rafiki yangu mwema amefika": "yangu" inafuata umbo, "mwema" na "amefika" vinafuata uhai. Sentensi moja, upatanisho mbili, na hatuoni ajabu.

Zabibu_ya_Hombolo

Sasa lebo, maana ndiko pesa iliko. Kanuni ya kukagua: tafuta nomino kuu ya kwanza, hiyo ndiyo inaamua, si nomino iliyo karibu na kivumishi.

"Huile de tournesol raffinée". Kosa la kila siku ni "raffiné", mtu kapatanisha na "tournesol" ya kiume. Kilichosafishwa ni mafuta.

"Vin rouge doux", "vin blanc sec": kiume. Lakini "boisson alcoolisée" ni ya kike. Ukinakili kutoka mstari mmoja kwenda mwingine bila kubadili mwisho, imekula kwako.

"Arachides grillées et salées": kike, wingi, vivumishi vyote viwili. "Miel naturel": kiume.

Kwa unga wa mtama kuwa mwangalifu, maana jinsia inabadilisha maana. "Farine de sorgho blanc" ni unga wa mtama mweupe. "Farine de sorgho blanche" unga ndio mweupe. Zote ni sahihi kisarufi. Amua unauza nini.

Anwani na maeneo: nchi inayoishia na "e" kwa kawaida ni ya kike na inachukua "en": en Tanzanie, en Zambie. Za kiume zinachukua "au": au Burundi, au Rwanda, au Kenya, au Malawi. "Mozambique" na "Zimbabwe" zina "e" lakini ni za kiume, kwa hiyo "au". Uganda ni ya kiume ila inaanza na irabu, hivyo "en Ouganda". Kongo ya Kinshasa ukiandika kwa kirefu ni "en République démocratique du Congo". Komoro ni wingi: "aux Comores".

Makole_Mtaani

Vyeo je? Barua kwa waziri mwanamke.

Ram_na_Ewe

"Madame la ministre". Serikali ya Ufaransa ilitoa waraka wa kuvipa vyeo umbo la kike mwaka 1986, Académie française (chombo cha Ufaransa kinachosimamia lugha) ikagoma miaka mingi, hadi tarehe 28 Februari 2019 ilipokubali. Watu wa itifaki wa zamani bado wanaandika "Madame le ministre". Kwa maoni yangu ni ukaidi tu. Rais wetu ni "la Présidente de la République-Unie de Tanzanie", hakuna mjadala.

Mbuyu_Mkavu

Na SGR, reli yetu ya kisasa, ni le au la? Msiniambie nikariri.

Ngeli_18

Hukariri, unatafuta nomino kuu iliyofichwa ndani. "Le TGV" (treni ya kasi) kwa sababu ya "train", "la SNCF" (shirika la reli la Ufaransa) kwa sababu ya "société", "le sida" (UKIMWI) kwa sababu ya "syndrome". Mwezi Mei 2020 Académie ikasema "la covid" kwa sababu ndani mna "maladie", ingawa watu walikuwa wamezoea "le". SGR ukiichukulia kama "ligne" ni la, ukiichukulia kama "chemin de fer" ni le. Chagua moja, usibadili katikati ya andiko. Ukitaja treni unayopanda, sema "le train" uendelee na safari.

Makole_Mtaani

Asanteni. La kumalizia: kibao cha nyumba ya wageni, "Bienvenu" au "Bienvenue à Dodoma"?

Msamiati_Daftarini

"Bienvenue", na "e", kwa wageni wote, wanaume kwa wanawake, mmoja au basi zima. Hapo ni nomino, haipatani na mgeni. Inapatana ukisema "Soyez le bienvenu" kwa mwanamume, "la bienvenue" kwa mwanamke, "les bienvenus" kwa kundi lenye hata mwanamume mmoja. Na kama chini ya kibao mnataka kuusifia mji, msihangaike kuamua Dodoma ni beau au belle, majina ya miji yanayumba hata kwao. Andikeni "une belle ville", kivumishi kitapatana na "ville" na mchapaji hatapiga simu kuuliza.